Nilikuwa Nimefumba Macho Tu

Mama Foronya aliolewa na mwanamume ambaye, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwahi kulala mchana hata siku moja tangu alipoacha kunyonya. Kauli hiyo aliitoa mara nyingi, na mara nyingi aliitoa alama za mshono wa kochi zikiwa bado zimejichora shavuni mwake.

Mume huyo alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha bati, katikati ya fundi baiskeli na duka la kutoa fotokopi, na ndani yake kulikuwa na harufu ya gundi, mbao mbichi na vumbi la sponji ambalo halikuisha hata ufagie mara ngapi. Cherehani ya Mama Foronya ilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Yeye ndiye aliyeshona kava zote, za viti, za mito, za mikono ya makochi, na jina la Mama Foronya alipewa na fundi baiskeli zamani sana, likamganda hadi kwenye simu za wateja. Kwa miaka mingi wawili hao walifanya kazi bega kwa bega. Mume anagongomea, mke anashona, jioni wanafunga mlango, wanakula, wanalala. Na walikuwa wakilala kweli. Mume alikuwa akigusa mto tu, basi, humpati tena mpaka asubuhi.

Mambo yalianza kuharibika kijana wao alipoishika kazi. Alikuwa kijana mwema, fundi hodari, mwenye mke na nyumba yake. Alinunua stepla ya upepo, mashine ya kupigilia pini, iliyofanya kwa dakika chache kazi ambayo baba yake aliifanya asubuhi nzima kwa nyundo na misumari mdomoni. Akaajiri mafundi wawili. Kisha, kwa heshima zote, akamwambia baba yake kwamba mgongo wake umefanya kazi ya kutosha, sasa akae pembeni akague.

Kukagua kochi maana yake ni kulikalia. Fundi alilikalia. Ukilikalia vizuri, unaegemea ili uone kama mgongo umekaa sawa. Ukishaegemea, miguu inapanda. Kila alasiri, kelele za stepla zikiendelea kama mvua ya mawe juu ya bati, Fundi alikuwa amelala chali juu ya kochi la mtu, mikono kifuani, mdomo wazi, na Mama Foronya akimtupia jicho kutoka kwenye cherehani yake.

Akiamshwa alisema hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho tu.

Jioni hali ilikuwa ileile. Akirudi nyumbani alijitupa kwenye kiti mbele ya televisheni, na kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, kidevu kilikuwa kimeshaanguka kifuani. Mama Foronya akizima televisheni, sauti ilitoka palepale kitini kwamba mtu bado anaangalia. Akimuuliza walikuwa wakisema nini, alijibu kwamba walikuwa wakisema mambo yao yaleyale.

Basi ikawa usiku wa manane Fundi yuko macho kama mchana kweupe. Kwanza alijigeuza. Kisha alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa. Baadaye aliuliza, kwa sauti ya chini ya kujali, "Umelala?"

Mama Foronya alikuwa amelala. Baada ya swali hilo hakuwa amelala tena.

Kama angekaa kimya ingekuwa nafuu, lakini Fundi alikuwa na mazungumzo. Alitaka kujua mke wake anaonaje kuhusu ukuta wa jirani, kama haujaanza kuinama. Alikumbuka mteja mmoja wa zamani aliyekuwa na mguu mbovu, akataka kujua kama yu hai. Asipojibiwa aliinuka kukagua milango. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo lenye kelele, na alilifungua ili ahakikishe kwamba lilikuwa limefungwa. Alichemsha maji, akaweka redio kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo inayomlazimisha mtu kutega sikio na kuamka zaidi kuliko kama angeifungulia kwa sauti kubwa. Alfajiri ikikaribia alirudi kitandani, akajifunika shuka lote, akaanza kukoroma. Huo ndio wakati ambao Mama Foronya alitakiwa kuamka.

Alivumilia, kwa sababu alidhani ni jambo la kupita. Halikupita. Macho yake yalivimba, kichwa kikawa kizito kama kimejazwa sponji, na siku moja alishona kava la mto pande zote nne bila kuacha mahali pa kuingizia mto.

Ushauri haukukosekana. Fundi baiskeli alisema dawa ni maziwa ya moto kabla ya kulala. Fundi alikunywa jagi zima, na usiku huo aliamka mara mbili zaidi kwenda msalani, kila mara akimpitishia mke wake taarifa. Mwenye duka la fotokopi alisema wageuze kitanda. Waligeuza, na Fundi akagonga goti kwenye kabati gizani, goti likawa mada ya mazungumzo kwa muda mrefu.

Mwishowe Fundi akaamua mwenyewe kwamba ubaya uko kwenye godoro. Hilo lilimfurahisha sana, maana godoro ni jambo la taaluma. Asubuhi ya siku ya mapumziko alilitoa nje, akalichana kwa kisu, akatoa matumbo yake yote uani ili aone limekosea wapi. Alisema atalijenga upya, tabaka ngumu chini, laini juu, na litakuwa godoro ambalo hata mgonjwa atalisahau. Kisha akakosa sponji ya kipimo kinachofaa. Kwa juma zima, mke na mume waliopata riziki yao kwa kuwatengenezea watu mahali laini pa kukaa walilala kwenye mkeka, na mbwa wa jirani akalala uani juu ya godoro lao. Godoro lilipokamilika lilikuwa zuri kweli. Mama Foronya alikiri hivyo. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kulithamini, kwa kuwa aliamshwa juu yake usiku wa kwanza kuulizwa kama haoni tofauti.

Mdogo wake Mama Foronya alikuwa muuguzi. Alipopigiwa simu na kusikia sauti ya dada yake imekwisha, alisema shemeji apelekwe zahanati akapimwe, maana kuamka usiku kunaweza kutoka kwa mengi, na si vizuri kubahatisha.

Walikwenda. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe wa gundi upande mmoja. Alimpima presha, akampima sukari, akauliza kama anakoroma mpaka pumzi inakata, kama anaumwa mahali, kama ana jambo linalomsumbua moyoni. Majibu yote yalikuwa mazuri. Ndipo alipouliza kama mzee hulala mchana.

"Hapana," alisema Fundi.

Mama Foronya alikohoa. Daktari akamgeukia.

"Daktari, anasinzia alasiri nzima," alisema. "Analala tena kabla ya chakula cha usiku. Na sasa hivi, tulipokuwa tunasubiri zamu, alilala kwenye benchi lako hapo nje, yule mama wa pembeni akahama."

Fundi alimtazama mke wake kwa huzuni, kama mtu aliyesalitiwa mbele ya wageni. Akamweleza daktari, mwanamume kwa mwanamume, kwamba alikuwa amefumba macho tu. Macho ya fundi huchoka, yanahitaji kufungwa mara kwa mara.

Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba mwili wa mtu una kiasi chake cha usingizi, na ukikila mchana, usiku hutakikuta. Ajitahidi kutolala mchana kabisa, na akishindwa, iwe kidogo tu na mapema, si jua likishaanza kushuka. Aamke wakati uleule kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kisha atoke nje apate mwanga. Chai na kahawa ziishie mchana. Saa asiitazame usiku, wala simu. Na akiamka, usingizi ukagoma kurudi, asibaki kitandani akipigana nao. Aende akae mahali tulivu, mwanga uwe hafifu, arudi atakaposikia kope nzito.

"Bila kumwamsha mtu," aliongeza Mama Foronya.

Daktari alisema hilo pia.

Mtu angemwona Fundi siku zilizofuata angedhani hajapata kutokea mgonjwa mtiifu kama yeye. Saa ya ukutani aliigeuza uso ikatazama ukuta, kwa hiyo mchana wote hakuna aliyejua muda. Chai ya jioni aliikataa kwa ishara ya mkono, hata ugenini, akaeleza kwa nini. Asubuhi alizunguka mtaa mzima kutafuta mwanga, akisalimia kila mlango, na watu wakampongeza kwa afya yake. Alitekeleza kila kitu isipokuwa lile moja, kwa sababu lile moja halikumhusu. Yeye hakuwa analala mchana.

Usiku hakuna kilichobadilika, ila sasa swali lilikuwa refu kidogo. Aliuliza, "Umelala? Nilitaka kukwambia tu kwamba nakwenda kukaa sebuleni, kama daktari alivyosema."

Jambo lilipasuka kwa sababu ya makochi ya mke wa mwenye duka la dawa. Yalikuwa seti nzima, yamevikwa kitambaa cha mahameli ya kijani ambacho mama huyo alikitafuta mwenyewe mpaka akakipata. Kazi ilikwisha asubuhi. Alasiri mama akaja kuyaona, amevaa vizuri, ameongozana na dada yake aje kushangaa naye. Kijana aliwakaribisha, akawapeleka nyuma ya pazia ambako makochi yalipangwa.

Kwenye lile kubwa, la watu watatu, Fundi alikuwa amelala ubavu. Shavu lilikuwa limezama kwenye mto wa kijani, na chini ya mdomo palikuwa na doa la mate lenye ukubwa wa kisahani.

Stepla ilinyamaza. Kisha yule mama akasema, kwa upole mkubwa, "Naona kochi langu limeshapata mpangaji."

Fundi aliamka, akaketi, akaweka kofia sawa. Alieleza kwamba alikuwa akisikiliza springi. Springi ikilia, alisema, mtu hawezi kuisikia akiwa amesimama, ni lazima ashushe sikio. Dada wa mteja aligeuka akatazama mlango, mabega yakimtikisika. Mteja mwenyewe hakugomba. Aliomba tu kava la mto ule libadilishwe, na akasema atatuma mtu kuyachukua, hatakuja mwenyewe.

Kijana hakumwambia baba yake neno lolote mbele ya mafundi. Jioni alikuja nyumbani kwa wazazi wake, akakaa, akainamisha kichwa, akaanza kwa kuomba radhi, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Alisema ameaibika. Alisema kama baba amechoka, ni bora abaki nyumbani apumzike. Baba akamwuliza kuchoka kwa kazi gani, na kupumzika kutoka kwenye nini, maana yeye alikuwa akisikiliza springi.

Hapo Mama Foronya aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika.

"Baba," alimwambia mumewe, "mimi sikuombi nyumba, sikuombi nguo. Nataka kulala. Nimekuwa kama mlinzi ndani ya nyumba yangu, na silipwi. Ulilala leo, ulilala jana, utalala kesho, na watu wote wa mtaa huu wanakujua kwa kukoroma kwako. Kubali tu kwamba unalala, ili tujue tunaanzia wapi."

Hakupaza sauti, na labda ndiyo sababu Fundi hakuanza kubisha. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza kulainika, sugu za zamani zikibanduka.

"Nikishika nyundo," alisema mwishowe, "kijana ananipokea. Nikishika mkasi, wewe unasema nitakosea kipimo. Mmesema nikague. Nimekagua. Nikimaliza kukagua na jua bado liko juu, mnataka nifanye nini?"

Mama Foronya aliudhika zaidi ya alivyokuwa ameudhika mwaka mzima, kwa sababu safari hii mume wake alikuwa amesema kweli. Alichukua bakuli lake akaenda nalo jikoni. Alisikia kijana akisema taratibu kwamba hakujua, kwamba yeye alidhani anamfanyia baba yake wema.

Walimpa kona yake karakanani. Kulikuwa na viti vya kizamani ambavyo watu walivileta mara kwa mara, viti vya babu zao, vyenye springi zinazofungwa moja moja kwa kamba, na kijana alizoea kuvitoa springi zote na kuvijaza sponji kwa sababu hakuwa na subira navyo. Sasa vyote vilipelekwa kwa mzee. Kazi ile hufanywa mtu amesimama, ameinama, kamba imezungushwa mkononi, akivuta mpaka mishipa ya shingo inasimama. Huwezi kuifanya huku umefumba macho.

Ungedhani hapo mambo yalinyooka. Majuma ya kwanza yalikuwa ya kumchosha mtu roho. Fundi alikuwa mzito wa kazi, kiti kimoja kilimchukua siku nyingi, na kila aliyepita karibu aliambiwa kosa lake. Alitaka mashine ya upepo izimwe kwa sababu hawezi kusikia kamba. Alilalamika vidole, mgongo, mwanga. Jioni bado aliinamisha kidevu mbele ya televisheni, mpaka Mama Foronya akaona dawa ni kumtuma. Kope zikianza tu kulegea, alimpa kikapu akanunue mkate kwenye duka la mbali, kwa kisingizio kwamba mkate wa hapa karibu umekauka. Alirudi amenunua sabuni, lakini alirudi macho.

Usingizi wake ulianza kurudi kidogo kidogo. Usiku mmoja alilala mpaka jogoo, mwingine akaamka, akaenda kukaa sebuleni gizani, akarudi bila kusema lolote. Ikafika mahali akawa analala usiku kucha juma zima, chali, juu ya godoro lake la kujenga mwenyewe, anakoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Mama Foronya alijua yote haya kwa sababu alikuwa macho akimsikiliza.

Aliamka wakati uleule wa usiku wa manane, bila kuulizwa, akasubiri swali. Halikuja. Akabaki ametazama dari, hasira zikimpanda, mtu aliyemfundisha ubaya huo amelala pembeni kama mtoto mchanga. Ikawa hivyo kila usiku. Mchana alikuwa mkali kwa wateja, akashona zipu kichwa chini, akamfokea fundi baiskeli aliyekuja kusalimia tu.

Fundi aligundua, na akajawa na huruma. Alianza kumshauri. Alimwambia asitazame saa. Alimwambia chai yake ya jioni ndiyo mbaya, na kwamba mwanga wa asubuhi ungemsaidia sana, kama ulivyomsaidia yeye. Siku moja, mke wake alipokuwa ameweka sindano mdomoni na hawezi kujibu, alimsogelea kwenye cherehani akamwuliza kwa upole kama hana tabia ya kusinzia mchana bila kujijua.

Mama Foronya alitoa sindano moja moja, akazichoma zote kwenye kimto chake cha sindano, akaondoka karakanani mchana huo bila kuaga.

Alimpigia simu mdogo wake, ambaye alicheka mpaka akaomba dakika moja anywe maji. Kisha akamweleza kwa utulivu kwamba si ugonjwa. Mwili wake umezoea kuamka, ukafundishwa, na utasahau ukipewa nafasi. Akamwuliza kama kuna chumba kingine ambako hakuna mtu wa kumsikiliza.

Kilikuwepo chumba alichokuwa akilala kijana wao kabla hajaoa, kidogo, chenye dirisha moja na masanduku ya kava kuukuu. Mama Foronya aliyasukuma masanduku ukutani, akatandika, akaweka mto mmoja, akafunga mlango kwa ufunguo. Usiku wa kwanza aliamka vilevile. Alisikiliza. Hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Akageukia ukuta. Siku iliyofuata aliamka jua limeshampiga usoni, na kwa muda hakukumbuka yuko wapi.

Fundi alilichukua kwa uchungu. Alimweleza kijana kwamba ametengwa, akamweleza fundi baiskeli, na habari zikazunguka. Haukupita muda, mke wa kijana akatumwa kuja kusuluhisha. Alikuja na uso wa msibani, akakaa ukingoni mwa kiti, akazunguka sana na maneno ya ndoa na uvumilivu na umri, mpaka Mama Foronya akamwonea huruma.

"Mwanangu," alimwambia, "sisi hatujagombana. Nenda kamwambie baba mkwe wako nitarudi. Kwa sasa kuna usingizi wangu wa mwaka mzima naulala. Nikiumaliza, nitarudi."

Binti aliuliza kama hayo ndiyo majibu ayapeleke. Mama Foronya alisema ndiyo, hayohayo, asiongeze kitu.

Alirudi mvua zilipoanza, kwa kuwa chumba kile kilikuwa kinavuja juu ya mto. Fundi alimpisha upande wa ukutani, ule mzuri, bila kuombwa. Alitaka kusema jambo, akaona uso wa mke wake, akafumba macho.